Kidonge cha Kabla ya Kisu

Ramadhani 3, Jumamosi

Binti yangu Inas amenipa daftari hili. "Baba, ukishikwa na hamu ya sigara mchana, andika." Ameniona nazunguka nyumba nzima, nafungua madirisha na kuyafunga tena. Haya, naandika. Naitwa Lutfi, fundi wa makochi hapa Tanta, Misri, na hamu ya sigara iko palepale.

Habari yenyewe ni hii: mke wangu Nagat atapasuliwa moyo tarehe kumi na saba ya mwezi huu. Ile homa ya viungo iliyompata utotoni iliharibu valvu moja, akaishi nayo miaka yote, akazaa nayo watoto wanne, na sasa hawezi kupanda ngazi za nyumba yetu bila kukaa njiani. Madaktari wamesema tusingoje Idi. Mimi ningengoja. Mimi ningengoja hata mwaka ujao.

Ramadhani 5, Jumatatu

Nagat hafungi. Madaktari wamemkataza kwa sababu ya dawa za mchana. Anakula jikoni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Nimeishi na mwanamke huyu tangu tuko vijana na sijawahi kumwona akifanya jambo kwa kujificha. Leo anatafuna mkate kama mwizi.

Nikamwambia, "Mama Inas, mgonjwa karuhusiwa na Mungu mwenyewe."

"Najua karuhusiwa. Mimi ndiye ninayeona haya."

"Haya ya nini?"

"Baba Inas, nenda zako kazini."

Nikaenda zangu kazini.

Ramadhani 6, Jumanne

Upepo wa khamasini umeanza. Vumbi hadi kwenye meno.

Ramadhani 8, Alhamisi

Kaka yangu Bahgat alikuja kufuturu. Yeye alifunguliwa kifua miaka minne iliyopita kwa ajili ya mishipa ya moyo, na tangu siku hiyo hana hadithi nyingine. Huwa namwita mlalamishi, na sina haya ya kuandika hivyo. Leo nilimkanyaga mguu chini ya meza ili anyamaze mbele ya Nagat. Akasogeza mguu akaendelea.

"Kupasuliwa si kitu," alisema huku anachukua andazi la tatu la katayefu, "umelala, hujui. Shughuli ni ukiamka. Hapa katikati ya kifua, unahisi ule mfupa walioupasua unafunguka kila ukivuta pumzi. Wanakuambia kohoa. Nani atakohoa? Nikajizuia. Makohozi yakakaa ndani yakaoza, nikalala hospitali siku nyingine ishirini."

"Ukapona," nikasema kwa ukali.

"Nikapona. Lakini mpaka leo kifungo cha shati kikinigusa hapa, naruka. Mjukuu wangu akinikimbilia, namsimamisha kwa mkono. Anadhani simpendi."

Hilo la mjukuu sikuwahi kulisikia. Au alilisema nami nikawa sisikilizi. Nagat alikuwa anamwangalia bila kupepesa, akamwongezea chai.

Alipoondoka nikamuuliza Nagat kama ameogopa. Akasema, "Maumivu ni maumivu. Yanakuja, yanaondoka." Mimi ndiye niliyeogopa. Nilivuta sigara tano kwenye roshani na zote hazikunisaidia.

Ramadhani 9, Ijumaa

Sikulala. Swala ya Ijumaa sikumbuki imamu alisema nini.

Ramadhani 12, Jumatatu

Tumeonana na daktari wa usingizi, yaani yule atakayemlaza Nagat siku ya operesheni. Nilitegemea mzee mwenye mvi. Akaingia msichana mwenye mafua, viatu vya michezo, karatasi ya kufutia pua mkononi. Dokta Nermin. Ana umri wa mtoto wetu wa mwisho.

Nikamweleza habari za Bahgat. Hakunikatiza. Kisha akasema wao siku hizi hawangoji maumivu yaanze ndipo wakimbilie dawa. Nagat atapewa kidonge usiku wa kuamkia operesheni na kingine asubuhi, saa moja hivi kabla ya kuingia, kwa funda la maji.

"Dawa ya maumivu ambayo hayajaja?" nikauliza. "Daktari, mtu hufunga bendeji kabla hajakatwa?"

Nagat akanikanyaga mguu. Kumbe inauma.

Nermin akacheka, akapenga kamasi. "Haji, mishipa ya fahamu ikikatwa hupiga kelele, na kelele zikiwa nyingi, uti wa mgongo na ubongo huzizoea. Kidonda kinapona lakini zenyewe zinaendelea. Tukiituliza mishipa mapema, kelele zinakuwa chache. Huenda ndilo lililomkuta ndugu yako."

"Na inafanya kazi?"

"Kwa wengi inapunguza. Si kwa wote. Italeta usingizi na kizunguzungu. Maumivu hayataisha kabisa, nisikudanganye. Ninachotaka ni Hajja aweze kukohoa. Akikohoa, nimeshinda."

Nimerudi nyumbani sijui kama nimeridhika au nimechoka tu. Msichana yule anajua anachosema. Lakini anachosema ni kidonge tu.

Ramadhani 13, Jumanne

Bi Afaf anataka makochi yake kabla ya Idi, na kitambaa alichochagua kina maua makubwa kuliko kochi lenyewe. Nilifanya kazi hadi adhuhuri, misumari midogo mdomoni kama kawaida. Mwanafunzi mmoja wa chuo alipita akaniuliza, "Mzee Lutfi, hiyo misumari haifunguzi?" Nikamwambia nikimeza mmoja nitakuja kumuuliza yeye fatwa.

Ramadhani 14, Jumatano

Nimegombana na Inas kuhusu chumvi. Nimegombana na muuza gesi. Nimegombana na mlango wa duka.

Ramadhani 16, Ijumaa

Tumelazwa. Nasema tumelazwa kwa sababu Inas na mimi tumepokezana kukaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Wodi ina vitanda sita.

Jioni nesi alikuja akasema, "Hajja, futari kula vizuri. Kuanzia saa sita usiku, hakuna chakula wala kinywaji hadi umalize operesheni. Hata maji."

Uso wa Nagat ukachangamka. Siku zote hizi nilikuwa sijauona hivyo. Akakaa sawasawa kitandani, akatengeneza mtandio, akamuuliza nesi habari za watoto wake. Nikajisemea, tazama moyo wa mwanamke huyu, kesho anapasuliwa na leo anatabasamu. Nikaona haya kwa woga wangu.

Kidonge cha kwanza alikimeza saa nne usiku, mbele yangu, bila neno. Cha rangi mbili, nyekundu na nyeupe.

Ramadhani 17, Jumamosi

Lazima niandike, nisipoandika nitapiga mtu.

Asubuhi nesi alileta kidonge cha pili na kikombe chenye maji kidogo sana. Nagat akakitia mdomoni, akainua kikombe, akashukuru. Walipomweka kwenye kitanda cha magurudumu alinipa leso aliyoifunga fundo: pete yake, tasbihi na meno yake ya bandia. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji akanivuta nikainama. "Baba Inas, ikifika magharibi, kama bado nimelala, nilowanishe midomo kwa tende. Usisahau." Nilidhani dawa imeanza kumlevya. Nikamwambia sitasahau, na mlango ukafungwa.

Inas alienda kuswali. Mimi nikatembea ukumbini, dirisha hadi ngazi, ngazi hadi dirisha, nje vumbi limefunika jua. Nikaona heri nivae pete yake kwenye kidole changu kidogo isije ikapotea. Nikafungua leso. Pete ilikuwa imenata. Kwenye tasbihi kulikuwa na kitu chekundu na cheupe, kimelainika, kimeanza kupasuka.

Mimi huweka misumari shavuni kutwa nzima bila kumeza hata mmoja, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa alivyofanya. Na mara nikaelewa yote, uso uliochangamka na tende za magharibi. Alikuwa amefunga. Walipomwambia asile wala asinywe, akatia nia. Kidonge cha usiku alikimeza kwa sababu ulikuwa usiku. Cha asubuhi kingemfunguza, akakificha.

Nilikasirika kiasi kwamba nilikaa chini sakafuni. Kisha nikawaza: nikisema, nimemvua nguo mbele ya watu. Hajja Nagat amewadanganya madaktari kama mtoto wa shule. Na nikinyamaza? Yule msichana ndani anaamini dawa imo mwilini. Nikamwona Bahgat anavyomsimamisha mjukuu wake kwa mkono. Nikainuka nikaupiga mlango kwa viganja.

Akatoka mhudumu mmoja mwenye kofia ya kijani. "Haji, huku si stendi. Kaa utulie."

"Niitie Dokta Nermin."

"Yuko na mgonjwa."

"Mgonjwa ni mke wangu. Hakumeza dawa. Mwambie hivyo tu: hakumeza. Usipomwambia naingia mwenyewe na viatu vyangu."

Akanitazama viatu. Akarudi ndani. Sijui nilisimama muda gani. Nermin akatoka, barakoa usoni, macho tu. Nikafungua kiganja. Alitazama kile kitu kilichonata, akanitazama mimi.

"Amefunga," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nilingoja anigombeze. Akafumba macho kidogo. "Bibi yangu naye angefanya hivihivi," akasema. "Amelala tayari, lakini hatujakata. Umewahi. Kuna njia nyingine: nitamchoma sindano za ganzi pande zote mbili za mfupa wa kifua, kabla ya kisu. Itashika kama siku moja, pengine na zaidi kidogo. Baada ya hapo lazima ameze dawa. Umenielewa, Haji? Lazima."

Nikamwambia nimemwelewa. Akageuka, kisha akarudi nusu hatua. "Ungengoja nusu saa tu ningekuwa sina la kufanya mapema." Akaingia.

Operesheni imekwisha salama, valvu mpya imekaa. Magharibi ilinikuta ukumbini. Sikuruhusiwa kuingia alikolazwa na mashine. Nilikuwa na tende mfukoni na sikuzila hadi Inas aliponinywesha maji kwa nguvu.

Ramadhani 18, Jumapili

Ameamka, mpira wa kupumulia umetolewa. Nermin akampa mto aukumbatie kifuani, akamwambia akohoe. Nagat akakunja uso, akakohoa. Kikohozi kidogo, kibaya, cha kukwaruza. Nermin akatazama dari kama mtu aliyepokea mshahara.

"Inauma?"

"Kama nimekaliwa na mtu mnene," Nagat akasema kwa sauti ya kunong'ona. "Inavumilika."

Nilipobaki naye peke yangu akauliza, "Saumu yangu?"

Ningeweza kusema uongo. Nikamwambia nilikiona kidonge, nikamweleza daktari, na kwamba alitundikiwa damu na maji, hapakuwa na saumu yoyote. Akageuza uso ukutani. Hakunisemesha hadi nikaondoka.

Ramadhani 19, Jumatatu

Wamemleta wodini. Mkono ulivimba penye mpira wa dawa, wakautoa mpira. Sasa dawa zote ni za kumeza. Na Nagat hamezi. Safari hii hafichi. Amefunga mdomo. "Baada ya magharibi," anamwambia nesi kwa adabu zote.

Bahgat alikuja. Nilitaka kumfukuza, nikidhani atamtisha. Akakaa, akamwambia polepole, "Shemeji, mimi nesi akija nilijifanya nimelala. Niliona aibu mwanamume kuomba dawa ya maumivu. Aibu ile ndiyo iliyoniharibu, si kisu." Miaka minne namwita kaka yangu mlalamishi, kumbe wakati wa kulalamika ndio alionyamaza. Nilimpeleka hadi ngazini, nikamshika bega. Kifua sikukigusa.

Nagat hakubadilika. Jioni alimeza, usiku alimeza. Nilipomuuliza kwa nini ananifanyia hivi, ndipo akasema. "Siku kumi na sita nimekula mchana, Lutfi. Kama nakufa, sitaki kufa nikiwa natafuna ndani ya Ramadhani. Nataka nikute angalau siku chache zilizo safi."

Kumbe maumivu hakuyaogopa kweli. Alikuwa anafunga mizigo ya safari, na mimi nimekaa pembeni namtazama bila kujua.

Ramadhani 20, Jumanne

Ganzi imekwisha kabisa. Tangu alfajiri amelala amenyooka, mikono imeshika shuka, anavuta pumzi fupifupi juujuu. Ukimwambia akohoe anatikisa kichwa. Saa tano homa ikaanza. Nermin akaweka kipimo chake mgongoni kwake, akasikiliza, akanitoa nje.

"Mapafu yameanza kujaa huku chini. Anaumwa, ndiyo maana hakohoi, na hakohoi ndiyo maana yanajaa. Nikipata mshipa nitamchoma sindano, lakini hiyo ni ya saa chache. Akiendelea kukataa hivi, kesho namrudisha kwenye mashine. Na kwa moyo ule, Haji, sipendi kumrudisha kwenye mashine."

"Umemwambia kwamba dini inamruhusu?"

"Nimemwambia, imamu wa hospitali amemwambia, mwanao amemwambia kwa simu huku analia. Anatuambia Mungu atulipe kheri."

Nikarudi ndani. Kidonge kilikuwa kwenye kifuniko cha chupa pembeni ya kitanda, na bilauri ya maji nesi aliyoiacha. Ilikuwa saa saba mchana, nje upepo unapiga mchanga kwenye vioo, wodi nzima kimya, wagonjwa na jamaa zao. Nikamwambia, "Meza." Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Nagat, utakufa." Akafumba macho, kama mtu aliyeambiwa basi limefika.

Hapo sikufikiri. Nilipochukua bilauri nilikuwa na kiu na hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko kiu. Nikasema bismillahi kwa sauti ili asikie, nikanywa. Nusu bilauri. Tangu nilipokuwa kijana sijawahi kuacha siku moja, hata ile ya homa ya matumbo, na yeye anajua, yeye ndiye anayeniamsha kula daku.

Akafumbua macho. "Umefanya nini?"

"Nimekunywa maji."

"Adhuhuri?"

"Adhuhuri. Kama unakwenda, nenda na siku zako safi. Mimi kwangu tayari pachafu, hatutakutana huko."

Sijawahi kusikia sauti ile tangu siku nilipouza ng'ombe wa mama yake. "Mwendawazimu wewe! Mbele ya watu, mtu mzima na mvi zako, huna ugonjwa, huna safari, unakunywa maji kama punda kwenye mfereji! Nani alikutuma? Nani alikwambia—" Akataka kuinuka anipige, nadhani, na pumzi ikamkata, na kikohozi kikaja. Hakuwa na nafasi ya kukizuia. Alinyakua mto, akaukumbatia, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akakohoa tena, nesi akaja mbio na beseni, na kilichotoka sitakieleza hapa. Mama mmoja wa kitanda cha pili akawa anasema, "Toa, mwanangu, toa yote." Nermin alikuwa amesimama mlangoni, karatasi ya mafua imemkwama puani.

Nagat alipotulia alikuwa amelowa jasho. Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa bado nimeshika bilauri.

"Lete hicho kidonge," akasema. "Dhambi umeshaipata. Isiende bure."

Akakimeza kwa nusu ya maji iliyobaki. Kisha akafungua mdomo, bila kuombwa, nesi aangalie ndani.

Ramadhani 21, Jumatano

Homa imeshuka kidogo. Anameza kwa wakati. Hanisemeshi, ila amemwambia Inas aniambie nioge.

Ramadhani 23, Ijumaa

Nilimuuliza imamu wetu baada ya swala. Kuvunja saumu makusudi bila udhuru: kufunga siku sitini mfululizo, na ile moja juu yake. Nikamweleza mazingira. Akasema wapo wanavyuoni watakaonisamehe zile sitini, anaweza kunitafutia. Nikamwambia asihangaike.

Ramadhani 25, Jumapili

Amekohoa mwenyewe, bila kuambiwa, na kunilaumu kwa vumbi la nguo zangu. Nermin ameniambia wanaweza kumruhusu kabla ya Idi. Mafua yake yamepona. Nilitaka kumwambia neno la shukrani nikakosa, nikamwambia ana kiti kibovu ofisini na nitamshonea kingine.

Ramadhani 28, Jumatano

Tumerudi nyumbani. Alipanda ngazi kwa kupumzika mara mbili, kwa sababu ya kidonda, si kwa sababu ya pumzi. Bi Afaf ametuma watu wawili kuuliza makochi yako wapi.

Idi

Watoto wote wamekuja, wamekula keki za kahki, wameondoka. Upepo umekufa tangu jana. Nagat amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni. Alipokuwa anameza dawa yake ya mchana aliniuliza bila kunitazama, "Yale maji yalikuwaje?"

"Ya uvuguvugu."

"Siku sitini kwa maji ya uvuguvugu," akasema. "Hata kuchagua hujui."

Kisha akanisogezea mkono juu ya shuka, nikaushika.

Nimekuja sebuleni kuandika. Kesho naanza kufunga. Amesema ataniamsha daku yeye. Pakiti ya sigara iko mezani na ni halali kuivuta leo, na sina hamu. Nimemsikia akikohoa chumbani sasa hivi, mara mbili, kwa nguvu, kisha akatulia. Naenda kulala.